Mwaka Niliojifunza Neno Kupima

Siku ya mazishi ya Daktari Jerono, kijana aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu alianza vizuri. Alisoma shule alizopitia na miaka aliyofundisha chuo kikuu, akafika kwenye machapisho yake, na hapo sauti ikaanza kumkwama. Vichwa vilikuwa vya Kiingereza, lugha ambayo mambo ya chumbani huonekana kama yamevaa nguo, lakini hata hivyo yalimshinda. Alikitazama cha kwanza, akawatazama wachungaji waliokaa mstari wa mbele, akakohoa, akaruka. Cha pili akaruka. Akafika palipoandikwa habari za madaktari na wagonjwa wao wa kike, akawaona wageni waliotoka hospitalini wamejipanga upande wa kulia na miwani yao, akaikunja karatasi na kusema, "Na mengineyo mengi." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma, chini ya hema la pili, na kwa sababu ya buibui langu kila mgawa chai alitaka kujua kama mimi ni jirani au nimepotea njia. Niliposikia lile "mengineyo" nilikasirika mpaka chai ikanimwagikia magotini. Mwanamke ametumia maisha yake akitafuta namna ya kuyasema mambo hayo yakasikika, kisha siku ya kumzika yanaitwa mengineyo.

Kwa hasira hiyo naandika sura hii. Sitaeleza nilizaliwa na nani wala nililelewa vipi, maana hayo hayahusiki na mwaka wenyewe. Inatosha kusema nilikuwa msichana wa Bondeni, mjini Nakuru, nimemaliza chuo cha ualimu na sijapata shule ya kufundisha, na nilikuwa na ulimi mkali kuliko ulivyo sasa. Jerono alihitaji mtu wa kumtafsiria maswali ya utafiti, na mtu alimwambia kwamba Kiswahili cha Nakuru kinapatikana kwa Waislamu wa Bondeni. Nilipobisha mlango alinipima kwa macho kutoka juu mpaka chini. "Wewe ndiye Zuhura? Nimeambiwa Kiswahili yako ni ya Pwani." Nikamwambia sijawahi kufika Pwani, ni bibi yangu tu aliyetoka huko. "Haidhuru," akasema. "Yangu ni ya Kapsabet. Ingia tuchanganye."

Tulifanya kazi katika chumba cha nyuma cha nyumba yake ya kupanga, mtaa wa Section 58. Zamani kilikuwa jiko, na dari lake lilikuwa bado jeusi kwa moshi wa wapangaji waliotangulia. Palikuwa na meza ndefu, kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi, majarida yaliyopangwa sakafuni kwa sababu rafu zilijaa, na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao, kilichoning'inia nyuma ya mlango na kukifanya chumba kizima kinukie maziwa na mkaa. Mchana tulikula palepale mezani, karatasi tumezisukuma pembeni: ugali, managu yaliyopikwa kwa maziwa, na siku nyingine nyama. Kwa nyama hiyo nilikuwa na wasiwasi mwanzoni, nikala mboga tu. Baadaye muuza nyama wa kwetu Bondeni ndiye aliyeniambia kwamba yule mama Mkalenjin anakuja mpaka kwake kila Jumamosi akitaka nyama ya msichana wake Mwislamu. Yeye mwenyewe hakuwahi kunitajia. Nimekutana na wasomi wengi tangu hapo, na wengi wao wangefanya semina nzima juu ya jambo hilo.

Alikuwa daktari wa falsafa, lakini neno daktari lilimtesa. Kila tulipofika mahali wanawake walimwonyesha vipele, na watoto waliletwa wafunuliwe matumbo. "Mimi ni daktari ya vitabu, mama," alikuwa akisema, na hakuna aliyemwamini. Chuoni mambo yalikuwa kinyume: huko hawakumwamini kwa sababu hakuwa na vitabu. Alikuwa na mkataba uliokaribia kwisha na hakuwa amechapisha makala hata moja. Aliniambia hayo akiosha vyombo, amenipa mgongo. "Chuo kinahesabu makala, Zuhura. Ukiwa nazo wewe ni msomi. Ukikosa, wewe ni mwalimu tu, na wakati wowote mwingine atatafutwa." Alikuwa ameweka matumaini yake yote katika utafiti mmoja wa barabara kuu: madereva wa malori na wanawake wa vituo vyao wanaishije kimapenzi, na wanawake hao wakiugua, madaktari wanawatendeaje.

Kabla ya kuuliza mtu swali lolote, ilitubidi tupate kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Walikuwa wazee wenye heshima zao, wengi wao madaktari, na walirudisha tafsiri yangu imejaa wino mwekundu. Neno ngono lilikuwa limekatwa kila lilipotokea, na pembeni pameandikwa: tumia lugha ya heshima. Basi tukatumia. Ngono ikawa tendo la ndoa. Mpenzi wa kando akawa mwenzi asiye wa kisheria. Na pale tulipotaka kuuliza wazi kama daktari amewahi kumshika mgonjwa pasipostahili, kamati ilipendekeza swali laini: je, mhudumu wa afya amewahi kukukosea heshima? Nakumbuka nililisoma dodoso lile jipya kwa sauti chumbani na likasikika vizuri ajabu, ungedhani ni mawaidha ya Ijumaa. Kibali kikatoka.

Tukateremka Mai Mahiu, kituo cha malori kwenye barabara kuu, katika gari kuukuu la Jerono, tukifika Kariandusi tunafunga vioo kwa ajili ya vumbi jeupe la machimbo, kisha tunaipita Gilgil. Tulikuwa tukikaa huko siku za katikati ya wiki, katika vyumba vya nyuma vya hoteli ya Mama Njeri. Mama huyu alikuwa na nafasi kubwa katika mwaka ule kuliko mtu yeyote isipokuwa Jerono. Alikuwa mjane mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na madereva walikuja kwake kwa chapati na maharagwe hata kama walikuwa na njaa ya kitu kingine. Alitupa meza ya pembeni, karibu na dirisha linalotazama malori, na hapo ndipo nilipomhoji dereva wa kwanza, mwanamume mtu mzima aliyevua kofia kabla ya kuketi.

"Mara ya mwisho kufanya tendo la ndoa na mtu asiye mke wako ilikuwa lini?" nikamsomea.

"Tendo la nini?"

"La ndoa."

"Na mtu mwenye si bibi yangu?" Alifikiri kwa dhati, kofia mapajani. "Sasa madam, hiyo itakuwa aje tendo la ndoa na ndoa hakuna? Tendo la ndoa mimi nafanyia nyumbani, Bungoma. Huku ni njia tu."

"Kwa hivyo niandike hujafanya?"

"Andika hivyo. Mimi sidanganyi mtu."

Na kweli hakudanganya. Wote hawakudanganya. Wanawake nao waliniambia swali hilo niliruke kwa kuwa hawajaolewa. Tulipokusanya majibu ya wiki za mwanzo, ilionekana kwamba Mai Mahiu, kituo ambacho kila mama wa Bonde la Ufa humwombea mumewe akipite bila kusimama, ndiyo ngome ya uaminifu katika nchi yetu. Jerono alisoma kurasa zile mezani, akaanza kucheka. "Tumepata mji wa watakatifu, Zuhura! Papa atakuja huku!" Alicheka mpaka akajipangusa machozi kwa ncha ya leso. Kisha kicheko kikaisha na akabaki anazitazama karatasi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa makala yake na haikuwa na kitu ndani. Kuhusu madaktari ilikuwa vilevile. Hakuna hata mwanamke mmoja aliyekosewa heshima.

Alasiri moja ya Ijumaa, wiki tuliyochelewa kurudi Nakuru, nilikaa jikoni kwa Mama Njeri kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na madereva hawakuwa wakishuka. Wanawake wa pale walikuwa wanamenya waru kwa ajili ya chakula cha jioni, na mimi walikuwa wamenizoea kiasi cha kunipa kisu na kunisahau. Aliingia msichana mmoja, Shiro, aliyekuwa akigawa chai kwenye meza za nje, ametoka zahanati. Kulikuwa na zahanati ndogo ya binafsi nyuma ya vibanda, na siku za Ijumaa daktari alitoka mjini akaja kuhudumu. Jina lake kila mtu alilijua lakini walimwita Daktari wa Ijumaa.

"Umetoka kwa Daktari wa Ijumaa?" Mama Njeri akamuuliza.

"Nimetoka."

"Umepimwa?"

"Nimepimwa."

"Kupimwa tu, ama umepimwa?"

Shiro alichukua kiazi akaanza kumenya. "Nimepimwa," akarudia, na mara hii alilivuta lile neno. "Na ni sikio ilikuwa inaniuma."

Wakacheka, kicheko kifupi, kila mmoja akiangalia kiazi chake. Mmoja akasema yeye alienda na kikohozi. Mwingine akasema yeye siku hizi anakunywa majani tu, heri augue. Kisha wakaanza kuzungumza juu ya bei ya mafuta ya kupikia. Mimi nilikuwa nimekaa na kisu changu, na ilinichukua muda kuelewa kwamba nimesikia kile tulichokitafuta kwa miezi. Walipotawanyika nikamfuata Mama Njeri penye jiko.

"Mama, mimi niliwauliza nyote kama kuna mhudumu aliyewakosea heshima. Mkaniambia hakuna."

"Na ni ukweli. Yule daktari ako na heshima kabisa. Anasalimia, anaita mtu mama, anauliza watoto wako aje. Hajawahi tukana mtu."

"Na hiyo kupima?"

"Kupima ni kupima." Aligeuza chapati kwa vidole. "Ni kazi yake. Mimi nitasema amekosea aje, na ni yeye alisomea mahali pa kupima?"

Nimelifikiria neno hilo maisha yangu yote. Kwetu kila kitu cha hospitali ni kupima: damu, joto, mimba, macho, presha. Mtu akikuambia amepimwa huulizi zaidi, na daktari akisema anakupima umekwisha kukubali kabla hujajua anachokusudia. Mpaka leo, bibi mzima mwenye wajukuu, nikiingia kwa daktari humwambia anitajie anachotaka kukiangalia kabla hajaniwekea mkono, na wengine hunidhani mkorofi. Wanawake wa Mai Mahiu hawakuwa wajinga. Walikuwa wamelipa neno lilelile sauti mbili, moja ya matibabu na moja ya kile kingine, na walielewana vizuri. Dodoso letu la heshima ndilo lililokuwa halielewi.

Nilimkuta Jerono chumbani kwake anakula ugali peke yake, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Aliweka tonge chini. Kisha akaniuliza, "Lile neno, lirudie vile Shiro alilisema." Nikalirudia. "Tena." Nikalirudia. Aliinama, na nilipotazama niliona analia, na mara hii si kwa kicheko. "Sikio," akasema. "Msichana ameumwa na sikio." Wiki iliyofuata alipeleka kwa kamati marekebisho mawili. La madereva lilizungumziwa kwa saa nzima, kwa sababu tuliomba kuwauliza wanapolala njiani wanalala na nani. La pili lilikuwa swali fupi: ulipokwenda kwa daktari, ulipimwa? Hebu eleza vile ulivyopimwa. Mwenyekiti, daktari mzee mpole, alilisoma na kuuliza kwa nini tunapoteza wino. Kupima ndiyo kazi ya daktari, alisema, ni sawa na kumuuliza seremala kama amepiga randa. Wakalipitisha bila hata kukohoa. Swali letu la ukali waliliondoa, na hili wakaligonga muhuri.

Basi tukauliza, na wakaeleza. Siwezi kuandika hapa yote niliyoyasikia katika vile vyumba vya nyuma, na mengine si yangu. Nitaandika la Mama Njeri kwa sababu yeye mwenyewe alilisema baadaye mbele za watu. Alikuwa ameungua mkono kwa mafuta ya chapati, kutoka kiwiko mpaka kwenye vidole, akaenda zahanati Ijumaa amekishikilia kitambaa. Daktari akamwita mama, akamuuliza watoto, akafunga mlango kwa ufunguo, akamwambia avue nguo zote ampime. "Nikamwambia, daktari, ni mkono. Akaniambia moto huwa unaingia ndani, lazima apime ndani." Alisimulia akiwa ameketi wima, sauti yake kubwa ameishusha mpaka ilinibidi nisogee. "Mimi ni mtu mzima. Nimezaa. Nilikuwa najua hii si kupima. Lakini niliangalia ukuta kwenye ameweka cheti yake na nikasema, labda ni mimi sijui." Jerono alikuwa ameacha kuandika. Mama Njeri akamtazama.

"Hii mtaandika?"

"Tutaandika."

"Na jina yangu?"

"Hapana, mama. Tulikuahidi."

"Na yake?"

Jerono aliweka kalamu chini. "Hapana. Kanuni haziruhusu."

"Haya." Mama Njeri akasimama na kujikung'uta unga kwenye aproni. "Sasa hapo mtakuwa mmeandika nini?"

Katika miaka iliyofuata nimewasikia watu wakizisema kanuni hizo vibaya, na mimi pia niliwahi kuzilaani kule garini tukirudi Nakuru. Lakini ukizivunja, dereva na mwanamke wa kesho hawatakuambia kitu, na watakuwa wamefanya vizuri. Jerono alijua hivyo. Alijua pia kwamba kila Ijumaa yule mtu anashuka pale na mkoba wake. Alianza kuandika makala usiku na mchana, akisema kwamba hata bila majina, bodi ya madaktari itaulizwa, vyuo vya udaktari vitaulizwa, mtu fulani mahali fulani atalazimika kueleza. Alikuwa akiniita nimsomee maneno ya wanawake kwa Kiswahili, kisha anayatafuta Kiingereza chake, na neno kupima likamshinda. Mwishowe aliliacha lilivyo, kwa Kiswahili, katikati ya Kiingereza, na kulieleza kwa ukurasa mzima. Alikuwa amekonda. Managu yaliharibika kwenye sufuria.

Makala ilipokaribia kukamilika, alikuja nyumbani profesa mkuu wa idara yake. Nilikuwa chumba cha nyuma, na nyumba zile kuta zake si za kuficha neno. Alikunywa chai, akasifu mursik, akasema kazi ya madereva ni nzuri na jarida litaichukua mara moja. "Lakini hii ingine iwache, Jerono. Andika mambo ya madereva, hata utoe makala mbili. Madereva hawana bodi. Mkataba wako uko kwa meza yangu, na nataka kusaini. Usinifanye nishindwe."

"Na wale wanawake, Profesa?"

"Wanawake gani? Hawana majina. Wewe mwenyewe umesema."

Alipoondoka, Jerono alikuja akasimama mlangoni pangu, mikono yake ikinuka mkaa. Nilimwambia kwa ule ulimi wangu kwamba akiiacha mimi narudi Bondeni kesho. Hakunikasirikia. "Wewe ukirudi, utarudi kwa watu wenu," akasema. "Mimi nikifukuzwa nitarudi wapi, na nimeacha kila mtu Kapsabet nikiwaambia nakuwa profesa?" Alikuwa na hofu, na sioni haya kuandika hivyo, kwa kuwa mazishini walimwita simba jike na hakuna aliyesema kwamba aliogopa. Kisha akasema haina maana sisi wawili kukata shauri jikoni Section 58. Wenye maneno wako Mai Mahiu.

Tukateremka. Mama Njeri alifunga hoteli kwa asubuhi moja, jambo ambalo madereva walilihesabu kama msiba, na wanawake waliotueleza wakaketi kwenye viti vya plastiki kati ya meza. Jerono alisoma makala yake kipande kwa kipande na mimi nikawa natafsiri. Nilitafsiri vibaya mwanzoni, nikisema "wahojiwa" na "washiriki", mpaka Mama Njeri akaniuliza hao ni akina nani. Nikaanza kusema "nyinyi". Hapo wakavisogeza viti karibu. Tulipomaliza, Jerono aliwaambia wazi: haina jina la mtu wala la mji, lakini daktari akiisoma atajua, na anaweza kuwageuka. Na yeye anaweza kukosa kazi. Wakisema isitoke, haitatoka.

Shiro ndiye aliyesema kwanza. "Mimi nilidhani ni sikio yangu pekee," akasema, akageuka kuwatazama wengine waliomzunguka. "Kumbe ni sisi wote." Wengine wakaanza kuzungumza kwa pamoja. Mama Njeri akapiga meza.

"Peleka," akamwambia Jerono. "Hiyo ni yako, ya kizungu, ipeleke kwa wazungu na maprofesa. Lakini Ijumaa si ya maprofesa. Ijumaa ni yetu."

Jerono aliipeleka, na mkataba haukusainiwa. Alifundisha sekondari ya mchanganyiko miaka kadhaa, akiandika makala zake mezani pa jikoni, na chuo kingine kilipomchukua alikuwa tayari na kichwa chenye mvi. Makala yenyewe ilitoka katika jarida la nje, na nyingine nyingi zikazaliwa nayo, juu ya wagonjwa na madaktari, juu ya barabara, juu ya maneno. Bodi ilijibu kwamba haiwezi kumchunguza daktari asiye na jina katika mji usio na jina, na kwa kweli kanuni zake nazo zilikuwa sahihi. Yule mtu hakushtakiwa popote. Aliacha kuja Mai Mahiu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sijui alihamia kuwapima akina nani. Niliwahi kumuuliza Jerono kama alijuta. Alisema alijuta kila mwisho wa mwezi, na siku nyingine zote hakujuta.

Lakini Ijumaa ile naijua, kwa sababu nilikuwepo. Jerono hakuja, alisema mtafiti hana ruhusa ya kwenda. Mimi Mama Njeri aliniambia, "Wewe utakuja, msichana wangu. Utaketi tu." Asubuhi hiyo wanawake walijaza benchi ya zahanati, wengine wakasimama ukutani, wamevaa nguo za kanisani. Msichana wa kupokea wagonjwa aliuliza nani anaumwa, wakamjibu wote wamekuja kupimwa. Daktari alifungua mlango wake akitabasamu, koti jeupe limepigwa pasi vizuri, akasema habari za asubuhi akina mama, akauliza nani wa kwanza. Mama Njeri akainuka. Alipoingia, daktari alinyoosha mkono kufunga mlango, akakuta Shiro amekwisha kuweka kiti pale katikati na kukikalia, na nyuma ya Shiro wote wamesimama, wanatazama ndani.

"Hawa wanataka nini?" daktari akauliza.

"Wanataka kuona vile mtu anapimwa," Mama Njeri akasema kwa ile sauti yake ya barabarani. "Endelea tu, daktari. Ni mkono."

Akakunja mkono wa nguo mpaka juu ya kiwiko na kuuweka mezani. Hakuna aliyekohoa. Daktari alitazama mlangoni, akatazama dirisha, kisha akavuta kiti akaketi. Alivaa miwani. Aliushika mkono ule kwa ncha za vidole vyake, akaugeuza, akalifuata kovu polepole kutoka kiwiko mpaka kwenye vidole. Alichukua muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Hii ilishapona, mama," akasema mwishowe, hajainua uso. "Ilipona kitambo."

"Najua," akasema Mama Njeri. "Ni vile siku ile hukuiangalia."